Waya Utakaopita Miguuni Pako

Mama, shikamoo.

Naandika mchana. Baba amelala, na ile mashine ya kukamua alizeti ng'ambo ya barabara imezimwa kwa sababu leo ni Ijumaa na mwenyewe ameenda msikitini. Ataiwasha akirudi, kwa hiyo nina utulivu wa muda mfupi, na nataka kuutumia vizuri.

Kesho asubuhi tutachimba uani, na tutapita karibu na wewe. Baba amesema jembe halitaingia pale kabla hujaambiwa, na amesema wa kukuambia ni mimi. Nilitakiwa nisimame pale nizungumze kwa sauti, kama anavyofanya Baba Mdogo Yohana kila anapokuja. Nimeshindwa. Redioni nimesoma habari za ajali, za njaa, za mabasi yaliyopinduka na majina ya watu waliokuwemo, na sauti yangu haikuwahi kunisaliti. Lakini kusimama mbele ya tuta la udongo na kuliambia maneno, huku jirani anachungulia, hapana. Kuandika ninaweza. Basi nakuandikia, na utaniwia radhi.

Nianze na yale usiyoyajua, kwa mpangilio wake.

Arobaini yako ilikuwa imepita tu Baba alipoanguka bafuni. Kiharusi. Upande wote wa kulia ulilala, mdomo ukapinda. Mguu umerudi kidogo: anatoka kitandani mpaka kwenye kiti cha barazani akiwa ameshika bega la mtu. Mkono haujarudi. Maneno yanamtoka machache, na Kinyaturu kinamtoka vizuri kuliko Kiswahili, kwa hiyo daktari akimuuliza jambo kwa Kiswahili anamwona amechanganyikiwa, na Baba anamwona daktari hivyo hivyo. Kikombe anakishika kwa mkono wa kushoto. Chai isiyo na sukari anainywa, lakini kwanza anaitazama kwa muda mrefu ili nijue nimemkosea.

Nilifunga mizigo yangu Dodoma nikarudi nyumbani. Mwanao Elia yeye alitaka tumhamishie kwake. Alikuja na gari, na mkewe alikuwa ameshaandaa chumba. Alianza kumweleza Baba taratibu kwamba kule hospitali iko karibu, na Baba akaanza kupiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, pa, pa, pa, mpaka Elia akanyamaza. Kisha akanyoosha kidole kuelekea dirishani, huko uliko. Elia alirudi Dodoma na gari tupu. Mlangoni aliniambia, "Sawa. Lakini siku utakayoshindwa, usinifiche. Nakuja kumchukua siku hiyo hiyo, hata akipiga kiti mpaka kivunjike."

Nikubali kwamba hana kosa. Mtu wa kumwinua Baba asubuhi, kumwogesha, kumkalisha, kumlisha, ni mimi na binti anayetusaidia, na binti peke yake hamuwezi. Mimi nikirudi Dodoma kazini, Baba naye anaondoka hapa Mwankoko. Hakuna njia nyingine katikati. Na mimi nadhani, Mama, ingawa si daktari na sitaki kusema nisichokijua, kwamba Baba akitolewa hapa hatakaa sana.

Sasa habari ya kazi.

Niliwaomba wakuu wa redio nisome taarifa ya saa moja asubuhi nikiwa nyumbani, badala ya studio yetu ya Dodoma. Siku hizi inawezekana. Kompyuta, maikrofoni, vifaa vya masikioni, na sauti inasafiri kwa intaneti mpaka studio Dar es Salaam, na msikilizaji hajui kama nimekaa ghorofani au kwenye ghala la alizeti. Mhariri wangu hakukataa. Alisema, "Dada Debora, mimi sina shida na Singida. Nina shida na ukimya."

Ukimya ni hivi. Mtandao ukikata nikiwa hewani, sentensi yangu inaishia katikati. Nchi nzima haisikii kitu. Fundi mitambo anahangaika, halafu anaweka wimbo. Watu wanadhani redio yao imekufa betri, wanaipiga kofi. Kwangu ilitokea mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na mara ya pili nilikuwa katikati ya jina la waziri.

Nyumba unaijua, lakini hukuwahi kuitazama kwa jicho la intaneti. Mliijenga kwa vipande: sebule na chumba chenu kwanza, kisha jiko, kisha vyumba vyetu, kisha ghala kule nyuma, kila kipande na ukuta wake mnene wa tofali za kuchoma. Ruta, kile kisanduku chenye laini ya simu ndani yake, kinapata mawimbi sehemu moja tu, dirisha la sebule, kwa sababu hapo ndipo mnara unapoonekana kati ya yale mawe makubwa. Ukikipeleka nyuma hakioni kitu. Lakini sebuleni siwezi kusoma habari: ile mashine inaanza kunguruma alfajiri, na malori yanasimama kupakua magunia huku makuli wakitaniana kwa sauti zao zote. Penye utulivu ni ghala lako. Nimelisafisha. Kuta nimezitundikia mablanketi yako ya zamani na vitenge viwili ili sauti isirudi mwangwi. Kile cha bluu cha jumuiya ya akina mama sikukigusa.

Kwa hiyo mtandao uko mbele na utulivu uko nyuma, na katikati kuna kuta tatu na ua.

Nilimwita Shabani. Unamkumbuka, Shabani wa madishi, yule aliyetufungia dishi la televisheni ukamsimamia chini na ufagio: "Wewe baba, unapanda juu ya bati langu na viatu hivyo?" Akavua. Alishuka nyayo zimebabuka kwa jua la bati, na wewe ukampa ugali wa uwele na mlenda, akasema hajawahi kuadhibiwa vizuri namna ile. Siku hizi anafunga kamera na intaneti. Aliingia ghalani na simu yake, akazunguka akiitazama, akasema, "Dada, watu wanafikiri wifi ni moshi, inapenya tu. Hizi tofali za mzee zinaimeza yote." Alijaribu kifaa kidogo cha kusukuma mawimbi, akakichomeka jikoni. Kilifanya kazi jioni, asubuhi kikalala. Akasema dawa ni moja: waya. Unachomeka upande mmoja kwenye ruta, upande mwingine kwenye kompyuta, na hapo hakuna ukuta wala mawimbi, ni kama bomba la maji.

Njia fupi ya waya ni kukatiza uani, kutoka ukuta wa jiko mpaka ghalani. Na hapo katikati ndipo ulipo wewe.

Baba Mdogo alipotuona tunanyoosha kamba alikuja mbio kutoka kwake. Alituambia jambo ambalo mimi, na umri wangu huu, sikuwa nalijua vizuri: kwamba kwetu, kaburi likiwa bado ni udongo, halijajengewa na msalaba wa kudumu haujasimikwa, mtu hagusi ardhi iliyo jirani nalo. "Pale bado pabichi," alisema. "Shemeji hajatulia. Mnataka kumfukulia miguu kwa ajili ya intaneti?" Msalaba utasimikwa wakati wa Krismasi, ndugu wa Mkalama na wa Dodoma wakiwa wamekuja. Nilikubali. Shabani naye alikubali, tena haraka. Akasema basi tupite kwenye uzio wa minyaa.

Ndipo tukafanya lile ambalo nadhani mtu wa mahali pengine asingelifanya. Tuliuchomeka waya ndani ya uzio huo, tukauzungusha shamba lote la nyuma, kutoka dirisha la sebule mpaka ghalani, tukiufunga kwa vipande vya mpira kwenye mashina. Wazo lilikuwa lake na lilikuwa langu. Lilionekana zuri: hakuna kuchimba, mbuzi hawali minyaa, jua haliupigi. Tawi moja lilikatika, utomvu ukamrukia Shabani jichoni, akakaa chini akilia kama mtoto huku binti anammwagia maji kutoka kwenye ndoo. Siku ya pili alikuja jicho likiwa jekundu, akamalizia.

Na ulifanya kazi, Mama. Kwa wiki kadhaa nilisoma habari bila kukatika hata mara moja. Baba alikuwa anawekewa redio dirishani mwa chumba chake, dirisha linalotazama ghala. Ananisikia mara mbili: kwanza sauti yangu mwenyewe kupitia uani, halafu ile ya redio inakuja nyuma yake imechelewa, inasema maneno yale yale. Siku ya kwanza alicheka mpaka binti akakimbia kuja kuniita akidhani amezidiwa.

Halafu mwanzoni mwa wiki hii mchungaji alituma ujumbe kwamba atapita na fundi mwashi kuangalia namna ya kukujengea kaburi. Baba Mdogo aliposikia hivyo hakulala. Alikuja asubuhi na mapema na panga lake, bila kuniambia, kwa sababu hakutaka mchungaji aje akute nyumba ya marehemu imekuwa pori. Akaanza kupunguza minyaa. Unajua anavyoipunguza: mstari ulionyooka, hatazami panga linapita wapi.

Nilikuwa hewani. Nilikuwa nasoma habari ya bei ya vitunguu. Sikuona taa ndogo ya mtandao kwenye kompyuta ikizimika kwa sababu macho yalikuwa kwenye karatasi, na masikioni hakukuwa na tofauti, nilikuwa najisikia mwenyewe tu. Nikamaliza vitunguu, nikasoma habari ya barabara, nikasoma hali ya hewa, nikaaga. Niliyasomea mablanketi. Huko nje nchi ilikuwa inasikiliza wimbo. Aliyenijulisha ni Baba. Alikuwa anapiga kikombe kwenye nondo za dirisha: alinisikia mara moja tu, badala ya mbili.

Nilitoka uani nikamkuta Baba Mdogo ameegemea panga, anajifuta jasho, ameridhika. Nilimwonyesha waya umekatwa sehemu nne. Aliushika, akazitazama zile nyuzi ndogo za rangi ndani yake, akasema, "Kwani siku hizi redio inapita kwenye minyaa?" Nilimwonyesha ghala kwa kidole. Halafu alipoelewa, alikaa juu ya jiwe mpaka chai ikaletwa. Usimkasirikie. Alikuwa anakufanyia usafi wewe.

Mhariri alipiga simu kabla ya saa mbili. Hakupandisha sauti. Sauti ikiwa chini ndipo ninapomwogopa. Alisema, "Dada, Jumatatu soma. Ikipita vizuri tutazungumza. Ikikata, Jumanne nakuhitaji Dodoma, au nitafute mwingine."

Leo ni Ijumaa.

Nimelala vibaya wiki hii. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli, si kwa kutaka kukutia huruma. Nikifumba macho naona ile taa ndogo ya kijani ya kwenye kompyuta, kama inapepesa au imetulia. Naamka kuangalia kama mawingu yapo. Nikimwogesha Baba najikuta nautazama mlango, nafikiri jinsi watakavyompitisha. Jana alinishika mkono kwa ule wake wa kushoto akanitazama usoni, na nikamwambia shingo inaniuma. Hajui kwamba Jumatatu ndiyo ya mwisho. Elia hajui. Nimekuambia wewe tu.

Kuunga ule waya uliokatwa Shabani amekataa. Anasema viungo vinne nje, na mvua ziko njiani, ni sawa na kutofunga kitu. Kuupitisha juu hewani, kutoka paa hadi paa, amekataa vile vile. Anasema waya wa shaba hewani, na radi za hapa kwetu, "utaunguza ruta, utaunguza kompyuta, halafu nitakuja kukuzika na wewe, dada." Upande wa pili wa ua ni mwamba, jembe linaruka. Unakumbuka ulivyokuwa unasema ua wako umepandwa mawe. Ardhi laini ni ule mkanda mmoja wa katikati, na ndiyo sababu ndugu walikulaza pale: ndipo jembe linapokubali. Sasa na waya unataka kupita hapo hapo.

Tulikaa barazani jana alasiri, mimi, Shabani, Baba Mdogo, na Baba kwenye kiti chake. Baba Mdogo alisema tungoje mpaka msalaba. Nilimweleza, bila kutaja Jumatatu, kwamba mpaka msalaba nitakuwa nimeshaondoka. Akasema basi Mungu atajua. Shabani akasema, "Baba, Mungu anajua, lakini mhariri hajui." Baba Mdogo akamtazama vibaya. Wakaanza kujibizana, huyu akitaja heshima, yule akitaja bomba la plastiki, na mimi nikaona kesi yangu inaharibika mbele ya macho yangu.

Ndipo Baba akapiga mkono wa kiti. Mara moja. Tukanyamaza. Alichukua muda kulitoa, mdomo ukihangaika, mate yakimtoka pembeni, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hapendi. Akasema, "Mwambieni." Akapumua. Kisha akaninyooshea kidole mimi. "Wewe."

Baba Mdogo akatikisa kichwa kukubali. Alinieleza baadaye, tukiwa tunaelekea langoni: kinachokatazwa si jembe lenyewe. Kinachokatazwa ni kumshtukiza mtu aliyelala. Akiambiwa, ni jambo jingine. Kisha akasema, "Na kama ni miguuni kwa shemeji, nachimba mimi. Sitaki mtu wa madishi apige jembe pale."

Basi unaambiwa. Mtaro utaanzia ukuta wa jiko, upite kati yako na simtanki la maji, upande wa miguu, si wa kichwa. Kina chake ni mkono mpaka kwenye kiwiko. Tuta lako halitaguswa, wala vile vigingi vya mbao vilivyoshikilia msalaba wa muda. Waya ni wa bluu, na utakuwa ndani ya bomba jeusi la plastiki, viungo vyake vimepakwa gundi. Tutafukia siku hiyo hiyo, tutakanyaga, tutafagia. Hutaona tofauti.

Jambo moja lililobaki, halihusiani na mtaro. Ulikuwa unanipigia simu kila nikimaliza kusoma. Hukuwahi kuniuliza habari zenyewe. Ulikuwa unasema, "Umekula? Sauti ilikuwa na njaa." Na mara nyingi ilikuwa kweli. Siku hizi nikimaliza kusoma naweka simu mezani, naitazama, halafu

Mashine imewashwa. Naishia hapa kwa leo.

*

Ni Jumatatu sasa, mchana. Naimalizia barua.

Jumamosi walikuja mapema. Tulimtoa Baba na kiti chake tukamweka uani chini ya mwavuli, kwa sababu alikataa kukaa ndani. Baba Mdogo alivua kofia, akasimama kando ya tuta, akasema, "Shemeji, ndio sisi, tumekuja na kelele zetu," akaanza kuchimba. Anachimba vizuri kwa umri wake. Shabani alikuwa nyuma yake analaza bomba, na walikuwa wameshapatana, maana nilimsikia Baba Mdogo akimwuliza kama anaweza kumfungia na yeye hiyo intaneti ya kuangalia mpira.

Walipofika miguuni pako jembe lililia. Jiwe. Walichokonoa na mtalimbo kutafuta mwisho wake. Halikuwa na mwisho upande wa simtanki, linakwenda chini ya simtanki lenyewe. Mwisho wake ulikuwa upande wako. Ili tulipite ilibidi mtaro ujikunje, usogee kwenye tuta, karibu kuliko nilivyokuandikia Ijumaa.

Baba Mdogo aliweka jembe chini. "Hapa mimi siendelei," alisema. "Aliambiwa kule. Huku hakuambiwa."

Shabani alitazama juu. Upande wa mawe makubwa wingu lilikuwa limeanza kujikusanya. Binti alisimama na ndoo mkononi. Jirani, mama wa vitumbua, alikuwa ameshaweka kidevu juu ya minyaa iliyopunguzwa, anatazama waziwazi. Baba hakupiga kiti. Alinitazama tu.

Nilifikiri kuingia ndani kuchukua karatasi. Kweli nilifikiri hivyo. Kisha nikasogea mpaka ukingoni mwa mtaro, nikasema, "Mama, kuna jiwe. Tunasogea kidogo upande wako."

Sauti ilitetemeka kwenye neno jiwe. Naripoti kama ilivyokuwa.

Baba Mdogo alingoja, kichwa ameinamisha, kama mtu aliyebisha hodi anayempa mwenyeji nafasi ya kufika mlangoni. Halafu akaokota jembe. "Haya. Amesikia." Sehemu ile hakuichimba kwa jembe muda mrefu. Alipiga magoti, akatoa udongo kwa mikono, taratibu, mpaka bomba likakaa. Tulifukia kabla tone la kwanza halijaanguka. Mvua yenyewe haikunyesha, ilituzunguka ikaenda zake Ikungi.

Jumapili Shabani alibana vichwa vya waya pande zote mbili na kupima. Nilimwambia apime tena. Akapima tena. Nikamwambia apime kwa mara nyingine, akaniuliza, "Dada, unataka nikuapie?" Nilitaka.

Leo asubuhi nilimwogesha Baba mapema, nikamwekea redio dirishani, nikaenda ghalani nikafunga mlango. Safari hii nilisoma jicho moja likiwa kwenye karatasi na jingine kwenye ile taa, jambo ambalo ningemkaripia mwanagenzi yeyote akilifanya. Nilijikwaa mara moja kwenye jina la kijiji. Katikati ya habari ya tatu nilisikia redio ya Baba uani ikirudia maneno yangu nyuma yangu, ikaendelea kurudia, na nilipoaga ikaaga. Masikioni fundi mitambo akasema, "Safi, dada." Nilibaki nimekaa.

Mhariri ameandika ujumbe: "Nimesikiliza mwanzo mpaka mwisho. Endelea hapo hapo ulipo." Hakusema mpaka lini. Sikumwuliza. Mvua za kweli bado hazijaja na sijui zile gundi za Shabani zitasema nini. Lakini kesho nasoma, na kesho nasoma nikiwa hapa.

Nilimpigia Elia nikamweleza yote, hata lile la Jumatatu ya mwisho nililomficha. Alinyamaza, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Pima mlango wa chumba cha Baba. Upana wake." Nikamwuliza wa nini. Akasema kuna kitanda alichomtengenezea Baba kwa seremala kule kwake, kile kinachoinuka upande wa kichwa, kimekaa miezi yote hii kwenye chumba kitupu kimefunikwa shuka. "Kimekaa bure," alisema. "Alhamisi kuna lori linakuja huko kuchukua vitunguu. Nakipakia."

Nimepima. Kitapita kikilazwa ubavu, na tukiutoa mlango kwenye bawaba. Baba Mdogo atautoa. Baba hajaambiwa bado.

Mama, naishia hapa. Wakati wa Krismasi watakuja mafundi wa kujengea, na kutakuwa na kuchimba kwingine, zaidi ya huku. Nakuahidi nitakuja mwenyewe siku iliyotangulia, bila karatasi, nikuambie watapita wapi na watafika kina gani. Ulale salama. Huku tumebaki nyumbani, mimi na Baba.

Mwanao,
Debora